Usiulize Hospitali Inapasua Wangapi, Uliza Inampasua Nani

Mjamzito anapotafuta pa kujifungulia, swali la kwanza huwa ni hili: "Hapa wanaojifungua kwa oparesheni ni asilimia ngapi?" Naelewa linakotoka. Shida ni kwamba jibu lake, lilivyo, halimsaidii kuchagua.

Tuchukue hospitali mbili za mfano. Ya kwanza ni ya rufaa: kwa mwaka wamejifungua wanawake 1,000 na 400 kati yao wamepasuliwa, yaani asilimia 40. Ya pili ni ndogo na tulivu: wamejifungua 300, wamepasuliwa 90, asilimia 30. Wengi wataikimbilia ya pili. Sasa fungua hesabu ndani. Ile ya rufaa inapokea pacha, wenye kifafa cha mimba, wenye makovu mawili ya oparesheni, na walioshindikana kwingine. Ukiwatoa hao wote ukabaki na wanawake wa mimba ya kwanza, mtoto mmoja, kichwa chini, wiki 37 au zaidi, uchungu ulioanza wenyewe, unapata 200, na waliopasuliwa ni 24: asilimia 12. Kule kwenye ndogo kundi hilohilo lina wanawake 120, na waliopasuliwa ni 42. Hiyo ni asilimia 35. Mwanamke mwenye afya, mimba yake ya kwanza, yuko karibu mara tatu zaidi kwenye hatari ya kisu pale alipodhani ni patulivu.

Kundi hilo ndilo kundi la 1 katika mgawanyo wa makundi 10 uliotolewa na daktari Michael Robson mwaka 2001, na ambao Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 utumike kila mahali. Uzuri wake ni kwamba wanawake wa kundi hilo wanafanana popote walipo, hivyo tofauti ikiwa kubwa, mtazame zaidi anayewahudumia. Mwongozo wa shirika hilo unasema chini ya asilimia 10 inawezekana kwa kundi la 1. Kwa aliyewahi kuzaa kawaida, hana kovu, na uchungu umeanza wenyewe, yaani kundi la 3, isizidi 3. Hayo ndiyo mawili ninayoomba kwanza.

Tofauti zenyewe si ndogo. Utafiti wa hospitali 593 za Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta viwango vya kuanzia asilimia 7.1 hadi 69.9. Hata walipobakiza wanawake wenye hatari ndogo tu, vilitoka 2.4 hadi 36.5. Nyonga za wanawake hazitofautiani kiasi hicho kati ya hospitali na hospitali.

Kinachotofautiana ni subira ya leba. Mwanamke wa mimba ya kwanza anafika saa nne usiku, njia imefunguka sentimita 3. Anapewa kitanda, anafungwa mkanda wa kusikiliza moyo wa mtoto, analala chali. Saa nane usiku anapimwa, ni sentimita 4. Kwenye leba moja wanaandika "uchungu hauendelei", wanapasua chupa ya maji ya uzazi, wanaweka dripu ya kuongeza uchungu, na alfajiri anaingizwa thieta. Kwenye leba nyingine, mwanamke huyohuyo angeambiwa bado ni mapema, ale, atembee, au arudi nyumbani kama ni karibu. Kipimo cha zamani cha sentimita 1 kila saa kimetuponza sana. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linahesabu uchungu kamili kuanzia sentimita 5, na kuanzia hapo mimba ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 12, kisha hadi saa 3 za kusukuma, ilimradi mama na mtoto wako salama. Kwa hiyo uliza: "Mnampokea mtu wodini akiwa sentimita ngapi?"

Uliza pia kuhusu ule mkanda. Kwa mama asiye na tatizo, kusikiliza moyo wa mtoto kila dakika 15 hadi 30, na kila dakika 5 wakati wa kusukuma, kunatosha. Mkanda usiofunguliwa hupunguza degedege kwa watoto wachanga, jambo ambalo hutokea mara chache, lakini haujaonekana kupunguza vifo, na huongeza oparesheni. Kisha uliza kama msindikizaji anaruhusiwa kukaa mwanzo hadi mwisho. Majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000 yameonyesha kuwa mwenye mtu wa kumshika mkono muda wote hupasuliwa kwa takriban robo pungufu. Ajabu ni kwamba hilo halihitaji mashine yoyote, na bado kuna wodi zinazofunga mlango.

Kuanzishiwa uchungu husingiziwa sana kuwa ndiko huleta oparesheni. Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2018, kwa mimba za kwanza zisizo na tatizo, lilikuta waliopasuliwa ni asilimia 18.6 kwa walioanzishiwa wiki ya 39, dhidi ya 22.2 kwa waliosubiri. Kinachoharibu ni kukata tamaa mapema: baada ya chupa kupasuliwa na dripu kuwekwa, inatakiwa kusubiri angalau saa 12 hadi 18 kabla ya kusema imeshindikana.

Mwenye kovu moja ana hesabu yake. Wanaojaribu kuzaa kawaida, karibu 72 hadi 75 kati ya 100 hufanikiwa. Hatari ya mfuko wa uzazi kuchanika ni kama 1 kati ya 200. Ila kovu linalohesabiwa ni la kwenye mfuko, si la ngozi. Ngozi inaweza kukatwa kwa kulala huku mfuko umekatwa kwa kusimama, na kovu la kusimama haliruhusu jaribio. Tafuta karatasi uliyopewa uliporuhusiwa kutoka hospitali baada ya oparesheni ya kwanza, na uende penye thieta inayofanya kazi saa 24.

Sasa upande wa pili, maana kiwango kidogo nacho kinaweza kuwa dalili mbaya. Mahali panapopasua asilimia 3 huenda hapana mtu wa kupasua. Uliza nani yuko macho saa nane usiku: mtaalamu wa ganzi analala ndani au anapigiwa simu nyumbani? Damu ipo hapo au inafuatwa? Oparesheni ya dharura kabisa inatakiwa kufanyika ndani ya dakika 30 tangu uamuzi. Kama hapafanyi upasuaji, uliza wanahamisha vipi na nani anapanda gari na mgonjwa. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wanawake wa mimba ya kwanza waliopanga kuzalia nyumbani au kwenye vituo vya wakunga, 36 hadi 45 kati ya 100 walihamishiwa hospitali, sababu kubwa ikiwa uchungu kuchelewa. Kwa waliowahi kuzaa ni 9 hadi 13 tu.

Nenda kuuliza wiki ya 28 hadi 32, ukiwa bado unaweza kubadili mawazo, na muulize mkunga msimamizi wa leba, si wa mapokezi. Omba hesabu ya mwaka mzima. Kwa miezi mitatu, hospitali ile ndogo ya mfano ingekuwa na wanawake 30 tu wa kundi la 1, na oparesheni 3 za ziada zingepandisha kiwango kwa pointi 10 bila chochote kubadilika. Wakisema hawana hesabu hiyo, taarifa zinazohitajika huwa zimeandikwa kwenye rejista ya leba: mimba ya ngapi, wiki, mtoto alivyolala, uchungu ulianzaje, alijifunguaje. Mtu mmoja mwenye kalamu anaweza kuzihesabu.