Ukihamia Kentucky, bima ya gari ya jimbo ulikotoka haitoshi

Malalamiko yanayotufikia hapa Idara ya Bima ya Kentucky kutoka kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Louisville na Lexington yameanza kufanana. Mtu amehama kutoka Ohio, au amekata bima kwa anwani ya ndugu yake aliyeko Jeffersonville, Indiana, ng'ambo ya mto, kwa kuwa ada ni nafuu. Anapata ajali, madai yake yanakataliwa, kisha anatuambia: "Lakini kampuni ni ya Marekani na nimelipa."

Hilo silo swali. Tangu sheria ya McCarran-Ferguson ya mwaka 1945, usimamizi wa bima Marekani uko mikononi mwa majimbo. Kwa Kentucky, kampuni iliyoandikishwa Ohio na iliyoandikishwa Uingereza zote ni wageni, na kila moja inahitaji idhini ya Kamishna wa Bima wa jimbo kabla ya kuuza. Tunakagua mtaji na hesabu zake za kila mwaka, na tunaitaka ikubali kupokea hati za mashtaka hapahapa jimboni, usije ukalazimika kuifuata kwao. Umbali si kikwazo: Lloyd's ya London ina leseni hapa.

Sasa gari lenyewe. Likisajiliwa Kentucky, linatakiwa kuwa na bima ya Kentucky kutoka kampuni yenye idhini: dola 25,000 kwa majeruhi mmoja, 50,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali ya wengine. Kuna pia 10,000 za matibabu na kipato kilichopotea, awe nani mwenye kosa. Hizi za mwisho kwa kawaida hazimo katika bima za Ohio na Indiana. Kila mwezi kampuni hutuma namba za chasisi za magari zilizoyakatia bima. Gari lako lisipoonekana, unaandikiwa barua. Ukinyamaza, usajili unaweza kufutwa. Ukikutwa barabarani bila bima, kosa la kwanza ni faini ya dola 500 hadi 1,000, au kifungo kisichozidi siku 90, au vyote viwili. Kusema hukujua hakukusaidii.

Kwa biashara ambayo kampuni zenye idhini zimeikataa, ipo njia halali ya kununua kwa kampuni isiyo na idhini: kupitia dalali mwenye leseni maalumu, na jimbo linatoza kodi ya asilimia 3 ya ada. Ila kampuni hiyo ikifilisika, mfuko wa dhamana wa jimbo haukulipi hata senti. Onyo hilo huandikwa kwenye mkataba wenyewe. Tafadhali lisome kabla ya kutia sahihi, si baada ya duka kuungua.

Kadi ya bima huwa na namba ya kampuni yenye tarakimu 5. Itumie kutuuliza kama kampuni ina idhini. Kulalamika ni bure: andika, ambatisha nakala ya mkataba na barua ya kukataliwa. Na anwani unayompa wakala iwe ya mahali gari linapolala kweli. Ukidanganya hapo, kampuni inaweza kukukatalia madai, nasi hatutakuwa na la kuidai.