Vidonge Vinapokukataa: Kuusaidia Mwili Kutoa Metali Nzito

Mama mmoja aliniletea mfuko wenye chupa kumi na moja. Kipimo cha damu kilikuwa kimeonyesha metali ya risasi kwa wingi, akaambiwa "asafishe mwili", naye akanunua kila alichoelekezwa. Zinki ilimtapisha. Magnesiamu ilimkimbiza chooni usiku kucha. Kidonge cha tatu kilimtoa vipele. Alipolalamika, aliyemuuzia alimjibu kwamba hiyo ni sumu inatoka, avumilie.

Kauli hiyo inaniumiza kila ninapoisikia, kwa sababu imewafanya watu wengi waendelee kumeza kitu kinachowadhuru. Metali hutoka kwa njia ya mkojo na kinyesi, wala huisikii ikipita. Anayetaka kujua kama imepungua hupima tena. Kichefuchefu, vipele au moyo kwenda mbio baada ya kidonge ni habari kuhusu kidonge chenyewe: dozi yake, aina ya chumvi iliyotumika (yaani umbo la kikemia la kirutubishi hicho), au vile vitu vingine vilivyochanganywa humo ili kishikane na kipendeze.

Jambo la pili ninalomweleza kila mtu: usitegemee virutubishi vivute metali kama sumaku. Sehemu kubwa ya kazi ya virutubishi iko mlangoni, kwenye utumbo. Katika ukuta wa utumbo mdogo kuna kisafirishi kiitwacho DMT1, ambacho huingiza madini ya chuma. Mtu akipungukiwa chuma, mwili huongeza visafirishi hivyo ili usipoteze hata chembe ya chuma inayopita, na kadimi, metali nzito nyingine, hujipenyeza humo humo. Risasi nayo hufyonzwa zaidi kwa mwenye upungufu wa chuma. Tena risasi hufanana na kalsiamu kiasi kwamba mwili huipokea na kuihifadhi kwenye mifupa, na tumbo likiwa tupu hupenya kwa wingi zaidi. Kwa hiyo mtu asiyevumilia kidonge hata kimoja bado ana la kufanya leo: kula kwa wakati, asikae na njaa muda mrefu mahali penye vumbi la risasi, na chakula chake kiwe na chuma na kalsiamu ya kutosha.

Ndiyo maana kabla ya kugusa chupa yoyote naomba kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma. Ikiwa iko chini, hapo ndipo kazi ilipo. Ikiwa iko sawa, simpi mtu chuma, maana kikizidi nacho ni sumu.

Shida ni kwamba vidonge vya chuma ndivyo vinavyosumbua matumbo kuliko karibu vyote. Nilichojifunza kinasaidia: siku moja umeze, siku inayofuata uache. Ukimeza dozi leo, ini hutoa homoni ya hepsidini ambayo hufunga mlango wa chuma kwa saa nyingi, hivyo dozi ya kesho yake huingia kidogo tu na nyingine hubaki utumboni ikikuchoma. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma walifyonza zaidi walipomeza siku mbadala kuliko kila siku. Unameza nusu ya vidonge, na kila kimoja kinakufaa zaidi. Chai na kahawa zisogezwe mbali na dozi hiyo.

Kwa vingine vyote kanuni yangu ni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tunaanza na robo ya dozi, baada ya chakula, kwa siku saba, na daftari kando ya kitanda. Kama hakuna kilichobadilika tunapanda hadi nusu. Mama yule alikuwa ameanza vitu vitano siku moja; nani angejua kipi kilimtoa vipele? Kichefuchefu cha zinki mara nyingi hutoweka kikimezwa katikati ya mlo, lakini mtu mzima asizidishe miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu, kwa kuwa zinki nyingi huzuia shaba isifyonzwe. Magnesiamu oksaidi huharisha. Magnesiamu glisineti ni pole zaidi. Soma pia orodha ya viambato: laktosi (sukari ya maziwa), rangi na jelatini vimeshawahi kumsumbua mtu akasema "zinki imenikataa" ilhali zinki haikuhusika. Kidonge kilichotengenezwa kuyeyuka polepole usikivunje. Na midomo ikivimba au pumzi ikibana, hiyo ni dharura ya hospitali. Kidonge hicho usikijaribu tena hata kwa robo.

Metali zenyewe hazifanani, na hapa ndipo mauzo ya "kusafisha metali zote" yanaponishinda. Aseniki huchakatwa na ini kwa kubandikwa vipande vidogo vya kikemia viitwavyo methili, kazi inayohitaji foleti (vitamini B9). Nchini Bangladesh, watu waliokuwa na upungufu wa foleti walipopewa mikrogramu 400 za asidi ya foliki, yaani foleti ya vidonge, kila siku kwa wiki 12, aseniki katika damu yao ilipungua. Maharage na mboga za majani zina foleti kwa asiyetaka kidonge. Zebaki ya samaki hutoka kupitia nyongo, lakini sehemu yake hufyonzwa tena utumboni, kwa hiyo mtu aliyefunga choo anairudisha ndani. Hapo nyuzinyuzi na maji vina maana kuliko chupa nyingi. Seleni, kirutubishi cha madini, hushikana na zebaki, ila isizidi mikrogramu 400 kwa siku. Kupita hapo nywele hunyonyoka na kucha huharibika. Kadimi nasema wazi: ikishatua kwenye figo huchukua miaka 10 hadi 30 kupungua nusu tu, na hakuna kirutubishi kinachoifukuza. Acha sigara, maana moshi wake una kadimi, na ziba upungufu wa chuma.

Udongo wa kunywa, unga wa mwani na dawa za mitishamba zisizopimwa siziruhusu kabisa kwa watu hawa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima dawa za Ayurveda, tiba ya jadi ya India, zilizouzwa kwenye intaneti na kukuta karibu moja kati ya tano ina risasi, zebaki au aseniki. Vilevile kipimo cha mkojo baada ya kumezeshwa dawa ya kunasa metali hakina maana: dawa hiyo hupandisha namba kwa kila mtu, hata mwenye afya. Dawa zenyewe, kama DMSA, ni za hospitali. Kwa watoto hufikiriwa risasi inapofika mikrogramu 45 kwa desilita ya damu. Watu wamekufa kwa kupewa EDTA, dawa nyingine ya kunasa metali, ya sodiamu badala ya ile ya kalsiamu, kwa sababu ilinyonya kalsiamu ya damu hadi moyo ukasimama.

Yule mama tulikaa naye saa nzima tukiuliza risasi inatoka wapi. Kumbe alikuwa akikwangua rangi kuukuu ya milango yake kwa msasa, huku madirisha yamefungwa. Kazi ilisimama, vumbi likafutwa kwa kitambaa chenye maji, si kwa ufagio. Feritini yake ilikuwa chini, akaanza chuma siku mbadala. Risasi ya damuni hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja, lakini ile ya mifupani hukaa miaka mingi na hurudi damuni mifupa inapomomonyoka, hasa hedhi inapokoma. Yeye anakaribia umri huo. Kwa hiyo kalsiamu yake tunailinda kwa chakula, na anapima damu kila baada ya miezi mitatu. Chupa kumi kati ya zile kumi na moja alizirudisha nyumbani zikiwa zimefungwa kwa gundi, na zimebaki hivyo.