Je, kutembea huharibu zaidi nyonga inayouma?

Wengi huamini kuwa nyonga au goti likiuma kwa miaka, dawa ni kulipumzisha, maana kila hatua hulisaga zaidi. Wazo hilo linaeleweka, maumivu hutisha. Lakini gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, unaoingia na kutoka linapobanwa na kuachiliwa, kama sifongo. Ukikaa tu, misuli ya paja na makalio hudhoofika, na kiungo huelemewa.

Jipime mwenyewe: yape maumivu alama kati ya 0 na 10, tembea dakika 10, kisha linganisha kesho yake. Yakirudi kama yalivyokuwa kabla ya kutembea, mwendo huo unakufaa, yakizidi, punguza. Kiungo kilichovimba ghafla, chenye joto au kisichobeba uzito, wahi kwa daktari.