Protoni si mfuko wa vijipira vitatu

Sekondari tulichorewa atomi ubaoni: katikati protoni na nyutroni, pembeni elektroni zinazunguka, mchoro umekwisha. Waliosonga mbele kidogo wakaambiwa kwamba ndani ya protoni mna kwaki tatu, yaani chembe ndogo zaidi zinazoiunda, wakachorewa vijipira vitatu ndani ya duara. Mchoro huu wa pili umezaa upotofu mwingi, na inasikitisha, maana ukweli wenyewe unashangaza kuliko mchoro wowote.

Tuanze na lililo jepesi. Wapo wanaoamini bado kwamba protoni haigawanyiki. Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kivyake, walitoa wazo la kwaki mwaka 1964, na wengi wakaliona kama mbinu ya hesabu tu. Miaka michache baadaye, katika maabara ya SLAC huko California, elektroni zenye nishati kubwa zilirushwa kwenye protoni. Nyingi mno zilipinda kwa pembe kubwa, ishara kwamba zilikuwa zimegonga vitu vidogo sana vilivyomo ndani. Kazi hiyo iliwapa Friedman, Kendall na Taylor Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba uzito wa protoni ni jumla ya uzito wa kwaki zake. Tupige hesabu. Kwaki zina aina mbalimbali: protoni ina mbili za aina iitwayo kwaki juu na moja ya aina iitwayo kwaki chini. Tukipima kwa milioni za elektronivolti, kipimo cha nishati ambacho wanafizikia hukitumia pia kwa uzito wa chembe, kwaki juu ni kama 2, kwaki chini ni karibu 5. Jumla haizidi 10. Protoni nzima ni 938! Asilimia 99 imetoka wapi? Imetoka kwenye nishati. Kwaki zinakwenda kwa kasi inayokaribia ya mwanga, zimefungwa pamoja na gluoni, chembe zinazobeba kani kali, yaani nguvu inayoshikilia kwaki pamoja, na muda wote jozi za kwaki na antikwaki (pacha wa kwaki mwenye chaji kinyume) zinazuka na kutoweka humo ndani. Nishati ya pilikapilika hiyo yote ndiyo tunayoipima kama tungamo, yaani ule uzito. Chukua mtu wa kilo 60: ukijumlisha tungamo za kwaki na elektroni zake zote, moja moja, hufikishi hata kilo moja.

Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba uga wa Higgs, kitu kilichoenea kila mahali na ambacho chembe yake ilitangazwa mwaka 2012 katika maabara ya CERN karibu na Geneva, ndio unaotupa uzito wetu wote. Uga huo huzipa kwaki na elektroni tungamo zao, yaani ile sehemu ndogo.

Wengine huuliza kwa nini kwaki moja isichomolewe ichunguzwe peke yake. Kani kali haidhoofiki kadiri kwaki zinavyotengana. Ni kama mpira wa manati, ukizidi kuuvuta ndivyo unavyozidi kukuvuta. Ukikatika, nishati iliyojikusanya hugeuka kwaki na antikwaki mpya, nawe unajikuta na hadroni mbili, yaani chembe zilizoundwa na kwaki, badala ya kwaki moja huru. Zikiwa karibukaribu, kinyume chake, kwaki huwa kama hazijafungwa. Wanafizikia Gross, Wilczek na Politzer walilionyesha hilo mwaka 1973.

Utasikia pia kwaki zikitajwa kwa rangi, nyekundu, kijani na buluu, lakini rangi hizo hazihusiani na macho. Ni majina ya aina za chaji ya kani kali, basi.

Tena si kila hadroni ina kwaki tatu, wala hadroni hazitoki maabara peke yake. Mesoni zina kwaki moja na antikwaki moja. Ya kwanza kutambuliwa, pioni, ilipatikana mwaka 1947 na kundi la Cecil Powell wa Bristol, katika bamba za picha zilizopandishwa juu ya mlima Pic du Midi, Ufaransa, ili zipigwe na mionzi ya anga. Chini ya hadubini ulionekana mstari wa chembe inayosimama, na palepale mstari mwingine unaanza: pioni imekufa, myuoni, chembe nyingine nyepesi zaidi, imetoka. Mwaka 2015 jopo la LHCb, jaribio mojawapo la CERN, likatangaza hadroni zenye kwaki nne na antikwaki moja.

Kuhusu nyutroni, kukosa chaji hakumaanishi kwamba ndani ni shwari. Kwaki juu moja ina theluthi mbili chanya, kwaki chini mbili zina theluthi moja hasi kila moja. Zinafutana, lakini nyutroni inabaki kuwa kisumaku kidogo. Ikitolewa kwenye kiini cha atomi huishi kwa wastani wa dakika 15 hivi: kwaki chini hugeuka kwaki juu, nyutroni ikawa protoni, zikatoka elektroni na antinyutrino, chembe nyepesi mno isiyo na chaji. Elektroni hiyo haikuwa imejificha ndani ya nyutroni. Inazaliwa wakati uleule.