Miti Iliyoachwa Viwanjani: Itunzwe Kuanzia Mizizini

Anayenunua kiwanja kwenye eneo lililokuwa msitu kwa kawaida huacha miti miwili mitatu kwa ajili ya kivuli na mandhari. Anajenga, anahamia, mambo yanakwenda vizuri. Kisha, mwaka wa tatu au wa tano, ncha za juu zinaanza kukauka, majani yanatoka madogo na machache, na mwenye nyumba anaanza kutafuta dawa. Anashuku mchwa, anashuku ugonjwa, wakati mwingine hata jirani. Tukienda kuchunguza, mara nyingi tunakuta mti ule uliuawa siku za kuchimba msingi, ila umechelewa kufa. Mti mkubwa huweka akiba ya chakula kwenye shina na mizizi, na akiba hiyo huuweka hai miaka kadhaa huku mwenyewe akidhani umepona salama.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza kwa wakazi wa vitongoji vipya vyenye miti ni kwamba fedha ya mti itumike ardhini kabla ya kutumika juu. Wengi hufanya kinyume: hawajali kinachotokea chini wakati wa ujenzi, halafu wanamlipa mtu apande akate matawi.

Kuna dhana kwamba mizizi huzama chini sana, kina kinachokaribia urefu wa mti wenyewe. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi imo kwenye sentimita 60 za juu za udongo, maana huko ndiko kwenye hewa na maji ya mvua, na hutambaa kwa mapana hadi mbali nje ya kivuli cha matawi. Mtaro wa bomba wenye kina cha nusu mita tu, ukipita jirani na shina, hukata karibu mizizi yote ya upande ule. Mizizi hiyo ndiyo iliyokuwa ikinywesha mti, na minene miongoni mwake ndiyo iliyokuwa ikiushikilia usianguke.

Lakini hata mtaro una nafuu, kwa sababu unaonekana. Kinachoua kimyakimya ni kushindiliwa kwa udongo. Lori la kokoto likigeuzia chini ya mti kwa wiki chache, matundu madogo ya udongo yanayopitisha hewa na maji hujifunga, na udongo ukishashindiliwa hivyo haurudi hali yake kwa miaka mingi. Ongeza hapo maji ya kuoshea mashine ya zege yanayomwagwa shinani, au udongo wa msingi unaorundikwa juu ya mizizi ili kusawazisha kiwanja. Hilo la mwisho unaweza kulichunguza leo hii kwenye mti wako. Chuchumaa utazame kitako. Mti ulio sawa hutanuka unapokutana na ardhi, unaona mabega ya mizizi mikuu yakitoka pembeni. Kama shina linaingia udongoni wima kama nguzo, limefukiwa, na udongo wa ziada unapaswa kuondolewa taratibu kwa mkono mpaka mabega yale yaonekane.

Eneo la kulinda si la kukisia. Pima kipenyo cha shina kwenye kimo cha kifua, takriban mita 1.4 kutoka ardhini, kisha zidisha kwa 12. Shina la sentimita 40 linahitaji mita 4.8 za ardhi isiyoguswa kila upande. Kama una utepe wa kushonea tu, zungusha shina, kisha gawanya mzingo kwa 3.14 upate kipenyo. Uzio wa mbao au mabati usimame kwenye mpaka huo kabla gari la kwanza halijaingia kiwanjani, na ukae hadi fundi wa mwisho atakapoondoka. Utepe wa rangi hautoshi. Sijamwona bado dereva wa kijiko anayeuheshimu. Bomba likilazimika kupita ndani ya eneo hilo, lipite chini ya mizizi kwa kutoboa, au mtaro uchimbwe kwa mkono na mizizi minene iachwe.

Halafu kuna uamuzi wa mti upi ubaki. Mti uliokulia katikati ya wenzake ni mrefu, mwembamba, majani yake yote yako juu, na haujawahi kupigwa na upepo peke yake. Ukiufyekea wenzake, dhoruba ya kwanza inaweza kuulaza juu ya paa. Mimi ningeacha kikundi cha miti mitano iliyoshikamana kuliko jitu moja lililobaki uchi, na mara nyingi mti mdogo wa pembeni una maisha marefu kuliko mzee wa katikati anayependwa na kila mtu.

Tukija kwenye kukata matawi, onyo kubwa ni moja: usikubali mti ukatwe kichwa. Mkataji atakuambia kuwa ukifupishwa utakuwa salama. Mti uliopoteza majani kwa ghafla hutoa machipukizi mengi kwa haraka, nayo hushikilia juujuu tu kwenye mbao ya pembezoni mwa mkato, wakati katikati panaoza. Baada ya miaka michache una matawi marefu yaleyale, sasa kwenye mashikilio mabovu. Kupogoa kwa kitaalamu huondoa matawi makavu, yanayosuguana na yaliyovunjika, na kwa mti uliokomaa hakuzidi robo ya majani kwa mwaka.

Miaka ya 1970, Alex Shigo wa Idara ya Misitu ya Marekani, aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone ndani, alieleza kwamba mti hauponyi kidonda. Hukizungushia ukuta ili uozo usisambae. Ndiyo maana mahali pa kukatia pana uzito. Tawi linapotokea shinani pana uvimbe mdogo wa gome, na ndani yake ndimo mti unamojengea ukuta huo. Fundi anayejua kazi hukata tawi zito kwa mikato mitatu: wa kwanza chini ya tawi, sentimita 30 hivi kutoka shinani, usiovuka theluthi ya unene; wa pili juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza kuelekea ncha ya tawi, ili tawi lianguke bila kuchuna gome la shina; wa tatu huondoa kisiki kilichobaki, nje tu ya uvimbe. Rangi au lami ya kupaka kidonda haizuii uozo.

Ukimwita mtu, muulize kuhusu bima inayogharamia wafanyakazi wake na mali yako, na utake maelezo ya kazi kwa maandishi. Tazama miguu yake: viatu vyenye miiba ya chuma ni vya kupandia mti unaoangushwa, kwa sababu kila hatua hutoboa gome. Anayebisha hodi baada ya dhoruba akisema mti wote uondoke, na magogo atabeba yeye, msikilize kwa tahadhari. Matawi yaliyo karibu na nyaya za umeme ni kazi ya shirika la umeme, hata yakiwa membamba.

Zipo dalili zisizosubiri: uyoga kwenye kitako, ufa unaopanuka, mashina mawili yaliyobanana huku gome likiwa limekunjwa katikati yake, au mti ulioinama hivi karibuni na udongo umeinuka upande wa pili. Huo wa mwisho usikae chini yake hata kwa dakika moja.

Mti uliojeruhiwa na ujenzi hausaidiwi sana na mbolea. Unahitaji maji ya taratibu wakati wa kiangazi, na matandazo ya majani au vipande vya mbao yenye unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiyogusa shina.

Na ikiwa mtaalamu amethibitisha kwamba mti lazima uondoke, ulizia kibali cha halmashauri mapema, kisha uuondoe kabla ukuta wa uzio haujajengwa. Mashine ikishakosa njia, kazi hiyohiyo itafanywa kwa kamba, kipande baada ya kipande, kwa gharama kubwa zaidi.