Mfumo ukianguka usiku: maswali kuhusu Wastoa na afya ya msanidi programu

Wastoa ni nani, na wanamhusu nini mtu anayeandika programu?

Ni wafuasi wa falsafa iliyoanzishwa na Zeno wa Citium, aliyefundisha Athens yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Anayetufaa zaidi ni Epictetus, aliyezaliwa mtumwa na baadaye akafungua shule Nicopolis, Ugiriki. Alifundisha kwamba yapo mambo yaliyo mikononi mwetu, na yapo yasiyo mikononi mwetu. Fundisho hilo limeingia hadi kwenye tiba: Albert Ellis, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanzisha tiba yake ya kusahihisha fikra katika miaka ya 1950, alikiri kwamba amechota kwa Epictetus.

Kazini kwangu, yapi hayako mikononi mwangu?

Mengi kuliko unavyodhani. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Msanidi aliyekuwa zamu siku ile alipigiwa simu na wateja wenye hasira, na hapakuwa na mstari wowote wa msimbo ambao angeubadilisha ili kuuunga waya chini ya bahari. Yake yalikuwa haya: kuwaeleza wateja ukweli, kuangalia kama kuna njia nyingine ya kupitisha data, na kuhakikisha miamala iliyokwama haipotei wala kujirudia. Hiyo ni kazi ya kutosha. Kuongeza juu yake saa sita za kujilaumu hakurudishi mtandao. Kunapandisha mapigo ya moyo na kuufukuza usingizi, basi.

Makadirio ya muda nayo ni vivyo hivyo. Seneca, Mstoa wa Roma, alishauri mtu aseme: nitasafiri baharini, isipokuwa litokee jambo la kunizuia. Kwa watu waliolelewa na "Mungu akipenda" hili si geni, ila kazini huwa tunaliacha mlangoni. Mwambie msimamizi: "Itakuwa tayari Ijumaa, iwapo watu wa malipo watatufungulia mfumo wa majaribio kufikia Jumanne." Ahadi ya namna hiyo ni ya kweli, na haitakukosesha usingizi Alhamisi.

Kwa hiyo nikipewa kazi za watu watatu, nikubali tu?

Hapana. Hapa ndipo falsafa hii hupotoshwa, mara nyingine na waajiri wenyewe. Saa za kazi hupangwa na watu, na watu wanaweza kuzipangua. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio yao mwaka 2021: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huambatana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Kusema "sitaweza", kudai zamu za usiku zigawanywe, hata kutafuta kazi kwingine, yote hayo yako mikononi mwako.

Usiku akili haitulii. Nifanyeje?

Andika tatizo kwenye karatasi, pamoja na hatua ya kwanza utakayochukua asubuhi. Kama si zamu yako, zima arifa za kazi na uiache simu nje ya chumba.

Nitajuaje kwamba huu si uchovu wa kawaida?

Shirika la Afya Duniani linaitambua hali ya kuchoshwa kupita kiasi na kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kuidharau kazi, na kuhisi huna tija. Hiyo hudai mabadiliko kazini. Lakini huzuni, au kutofurahia chochote, vikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, huenda ni sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Muone daktari, au uliza kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa iliyo karibu. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, usisubiri hata kesho: mwambie mtu unayemwamini sasa hivi, akusindikize hospitali leo.