Wageni wa bustani Mwanza: nani anafuata mvua, nani anafuata mwezi

Kila ikifika Oktoba wasap yangu inajaa picha kutoka kwa watu wa bustani, kuanzia Igombe mpaka Luchelele, na swali ni lile lile, hiki kidudu gani na nipige dawa gani. Mi ni mtu wa wadudu, ndo kazi yangu, na ndege nimewazoea kwa sababu wanakula hao ninaowasoma. Jibu langu huwa linawaudhi watu: wengi wa hao unaowaona hawajaja kukaa, wanapita, na ukishajua wanafuata nini utajua lini wanakuja na lini wanaondoka, na mara nyingi hutanunua hata kichupa kimoja cha dawa.

Tuanze na wale wadudu wa ziwani maana kwetu hiyo ndo habari kubwa. Unaangalia ziwani asubuhi unaona kama moshi umesimama wima juu ya maji, mgeni atadhani kuna boti inaungua, kumbe ni wadudu wametoka majini kwa mpigo. Upepo ukigeukia nchi kavu basi tena, watu wa Capri Point, Bwiru na Kayenze mnajua, ukuta mweusi, taa ya nje imezibwa, chai ina wadudu. Wanafanana na mbu ila hawaumi, na mchicha wako hawali. Buu wao wanaishi kwenye tope chini ya ziwa, wakikomaa wanapanda juu, wanageuka kuwa na mabawa, wanapandana, wanataga, na ndani ya siku chache wameshakufa. Mboga zikifunikwa mwagia maji, yaani maji tu, basi.

Sasa utamu uko hapa. Hawatoki hovyo. Wanatoka kwa wingi mwezi unapoandama, zile siku ambazo wavuvi wa dagaa wanaita giza na ndo wanaingia kazini na taa zao, halafu mbalamwezi ikikolea wanarudi nchi kavu kushona nyavu. Kwa hiyo ukitaka kujua lini baraza yako itajaa wadudu, muulize mvuvi, usiniulize mimi. Na dagaa mwenyewe anakula buu wa hao wadudu, kwa hiyo unayemlaani jioni ndo umemla mchana na ugali. Pia kuna mwingine anakwenda kinyume, ana mabawa meupe laini na nyuzi ndefu mkiani, huyu anatoka mwezi mpevu ukishapita kama siku mbili hivi, anarukia taa na hakai hata usiku kucha. Mtoto wake anatoboa mafunjo na mbao zilizoko majini, wenye mitumbwi ya mbao wanamfahamu vizuri kuliko watu wa bustani.

Kumbikumbi nao hawana habari na mwezi, wao ni mvua. Zile mvua za kwanza za vuli zikishalowesha udongo vizuri, jioni au alfajiri vichuguu vinafunguka. Udongo ukiwa mkavu hawatoki kwa sababu kila jozi inatakiwa ichimbe shimo ianzishe ukoo mpya, na kwenye udongo wa Septemba utachimba nini. Mama mmoja wa Kisesa alinitumia sauti amepaniki kabisa, anasema mchwa wameota mabawa wanakuja kumalizia nyumba. Nikamwambia mama shikamoo, weka beseni la maji chini ya taa ukaange, maana wengi wao watakufa usiku huo huo bila kufika popote, wataliwa na kuku, vyura, mijusi, mwewe. Ni chakula cha bure cha mafuta matupu. Hata tai wa nyika wanaotoka huko Urusi na Kazakhstan, ndege mkubwa vile, wakifika nyika zetu wanatembea chini wanaokota kumbikumbi mmoja mmoja.

Ndege wa Ulaya na Asia ndo wenye kalenda ya uhakika. Huko kwao mchana ukianza kufupika mwili unawaambia waondoke, wawe wamesikia mvua ya Mwanza imechelewa au la. Mbayuwayu wa kule anaanza kuonekana Septemba, Aprili ameshaondoka. Watu wengi wananiambia "mbona wangu yupo mwaka mzima, amejenga kwenye baraza"? Huyo ni mwingine, ni mwenyeji. Yule wa Ulaya hajengi hapa, ana utepe mweusi mpana umekatiza kifua na tumbo jeupe, wa kwetu utepe wake mwembamba unakatika na tumbo lina ukijivu. Ukiona kiota cha udongo ni wa hapa hapa. Afu kuna kandege kadogo ka kijani-manjano, hakatulii kwenye mpapai wala mwembe, kana uzito wa kama gramu 9 tu na kametoka Ulaya au Siberia, kazi yake kutwa nzima ni kuokota vidukari na viwavi. Mtu anapiga dawa mpapai halafu ananiuliza ndege wameenda wapi.

Korongo weusi wenye tumbo jeupe hao hawatoki Ulaya, wanazaliana ukanda wa Sudan na Ethiopia wakati wa mvua za kule, zikiisha wanashuka kufuata zetu. Ukiwaona wametua shambani wengi kwa pamoja usifurahie tu, kachungulie chini, huenda kuna viwavijeshi. Hawa wa kiasili nondo wao wanasukumwa na upepo mpaka penye mvua, wakiwa wachache wanakuwa kijani, wakibanana wanageuka weusi, na wanakula mahindi, mpunga, mtama, majani ya aina hiyo, sukuma wiki hawana mpango nayo. Wale vamizi walioingia Tanzania 2017 ni habari nyingine, hawangoji msimu.

Vipepeo weupe au wa njano wanaopita kwa mafungu wanaelekea upande mmoja, waacheni jamani. Wa njano-mpauko watoto wao wanakula mjohoro, kabichi yako inatobolewa na kiwavi wa nondo mdogo wa kijivu ambaye hata humuoni.

Anayenitisha mimi ni Nairobi flai tu, mwembamba, mwekundu-chungwa na mweusi, mvua zikizidi anafuata taa. Haumi, sumu iko ndani ya mwili wake, kwa hiyo akikutua shingoni mpulize, usimsage. Ukishamsaga osha kwa sabuni na maji mengi haraka, na usishike jicho.

Mkiniandikia mwaka huu naomba tarehe, mtaa, mvua ya mwisho ilinyesha lini na mwezi ulikuwaje, picha hata kama imetikisika. Wenye simu nzuri wekeni ndege kwenye eBird na wadudu kwenye iNaturalist, hizo ni app za kurekodi viumbe ulivyoviona. Na ile siku uliyokaa bustanini saa nzima hujaona mbayuwayu hata mmoja, nayo niandikie, hiyo watu hawanitumii kabisa na naihitaji sawa na zile za picha.